Duara la Nafaka na Ulezi wa Afrika Mashariki: Historia ya Ulinganishaji wa Jenomu za Mimea Ndugu na Funzo Lake kwa Sera za Mbegu

Ikisiri

Makala haya yanafuatilia historia ya ulinganishaji wa mpangilio wa jenomu katika mimea ya jamii ya nyasi, tangu kanuni ya Nikolai Vavilov ya mwaka 1920 hadi kusomwa kwa jenomu ya ulezi katika kiwango cha kromosomu mwaka 2023. Yanaonesha jinsi ugunduzi kwamba mazao ya nafaka yanashiriki mpangilio mmoja mkuu wa jeni ulivyozaa tumaini kwamba ramani ya zao moja ingetosha kuyahudumia mazao yote. Kwa kuchambua mifano mitatu, yaani jeni za kimo kifupi cha ngano, jeni ya shayiri inayokinga kutu ya shina, na ramani ya ulezi, makala yanadai kuwa tumaini hilo lilitimia kwa sehemu tu. Mpangilio mkuu wa jenomu hudumu kwa mamilioni ya miaka, lakini jeni za kinga dhidi ya magonjwa huhama, huongezeka na hupotea kwa kasi. Kwa hiyo nchi za Afrika Mashariki zinaweza kuazima ramani zilizochorwa kwingine, ila kinga ya mazao yao itabidi itafutwe katika mbegu zenyewe.

Maneno muhimu: jenomu linganishi, nafaka, ulezi, mpangilio wa jeni, hifadhi ya mbegu

1.0 Utangulizi

Mahindi, mpunga, ngano, mtama, uwele, shayiri, muwa na ulezi ni mimea ya familia moja, yaani familia ya nyasi, yenye spishi zaidi ya 10,000. Inakadiriwa kwamba mhenga wao wa pamoja aliishi makumi ya mamilioni ya miaka iliyopita. Tangu wakati huo kila ukoo umefuata njia yake. Mpunga una jozi 12 za kromosomu, mtama na mahindi jozi 10, uwele na shayiri jozi 7, ulezi jozi 18 na ngano ya mkate jozi 21. Wingi wa DNA nao hutofautiana mno: jenomu ya mpunga ina takriban jozi za besi milioni 389, ya mtama milioni 730, ya mahindi bilioni 2.3, na ya ngano ya mkate inakaribia bilioni 17. Kwa kuzitazama tarakimu hizi peke yake, mtu angedhani kwamba mimea hii haina mengi inayoshiriki.

Wanaisimu wa Kiafrika wanaifahamu hali kama hiyo. Mzizi -tatu wa Kiswahili na Kirundi ni -satu katika Kiganda. Sauti imebadilika, asili ni moja. Tangu Wilhelm Bleek alipochapisha sarufi yake linganishi mwaka 1862, kazi ya isimu linganishi ya Kibantu imekuwa ni kupambanua kilichorithiwa na kilichobadilika au kuazimwa. Wanabiolojia wa mimea walifikia swali hilohilo kuhusu jenomu, na mbinu yao haikuwa tofauti sana: waliweka mimea ndugu sambamba na kuuliza ni jeni zipi zimebaki katika mfuatano uleule, zipi zimehama, na zipi zimetoweka.

Swali hili lina uzito wa kisera. Fedha nyingi za utafiti wa jenomu zimeelekezwa kwa mpunga, mahindi na ngano. Ulezi, uwele na teff, ambayo ni mazao ya kutegemewa na kaya nyingi za Afrika Mashariki na Pembe ya Afrika, yameitwa mazao yatima kwa sababu yalipata sehemu ndogo ya fedha hizo. Ikiwa jenomu za mimea ndugu hufanana vya kutosha, ujuzi uliopatikana kwa mpunga unaweza kuusaidia ulezi bila gharama kuanza upya. Ikiwa hazifanani vya kutosha, mpango wa kitaifa unaotegemea ujuzi wa kuazima utakuwa umejengwa juu ya msingi dhaifu. Makala haya yanalitafuta jibu katika historia ya taaluma yenyewe.

2.0 Kabla ya ramani za DNA

Mwezi Juni 1920, katika mkutano wa wazalishaji wa mbegu uliofanyika Saratov nchini Urusi, Nikolai Vavilov aliwasilisha kile alichokiita kanuni ya mfululizo sambamba wa mabadiliko ya kurithi. Alikuwa ameona kwamba spishi zilizo karibu kinasaba huonesha mifululizo ya maumbo inayofanana kiasi kwamba anayeijua mifululizo ya spishi moja anaweza kutabiri maumbo yatakayopatikana katika spishi ndugu. Ngano ikiwa na aina zenye miiba na zisizo na miiba, shayiri nayo yatarajiwa kuwa nazo.

Vavilov hakuwa na njia ya kuiona jeni. Utabiri wake ulitegemea macho, mashamba ya majaribio na safari ndefu. Mojawapo ya safari hizo ilimfikisha Ethiopia mwaka 1927, na akaitambua nchi hiyo kuwa miongoni mwa vitovu vya asili na uanuwai wa mimea ilimwayo duniani. Alikamatwa mwaka 1940 na kufa gerezani Saratov mwaka 1943, lakini mambo mawili aliyoyaunganisha yalibaki: wazo kwamba mimea ndugu hubadilika kwa namna sambamba, na desturi ya kukusanya mbegu kutoka mahali mazao yalipoanzia. Historia iliyofuata, kama itakavyoonekana, iliyatenganisha mambo hayo mawili.

Hatua ya pili ilitokana na ngano. Ngano ya mkate ina seti tatu za kromosomu, zinazoitwa A, B na D, kila moja ikiwa na jozi saba na kila moja ikitoka kwa mhenga tofauti. Ernest Sears, akifanya kazi Missouri nchini Marekani katikati ya karne ya 20, alizalisha mimea ya ngano iliyokosa jozi moja ya kromosomu huku ikiwa na nakala za ziada za kromosomu nyingine. Aligundua kwamba pengo la kromosomu ya seti moja liliweza kufidiwa na kromosomu mahususi ya seti nyingine. Kwa njia hiyo kromosomu za ngano ziligawanywa katika makundi saba ya kromosomu zinazolingana. Huu ulikuwa ushahidi wa wazi kwamba kromosomu za mimea ya koo tofauti zinaweza kubeba majukumu yaleyale, ingawa mfuatano wa jeni zilizomo ulikuwa bado haujaonekana.

3.0 Kutoka nyanya hadi duara la nafaka

Mfuatano huo ulianza kuonekana katika miaka ya 1980, zilipopatikana alama za DNA zinazotokana na tofauti za urefu wa vipande vinavyokatwa na vimeng'enya. Ubora wa alama hizo ulikuwa kwamba kipande cha DNA kilichotolewa katika mmea mmoja kiliweza kutumika kutafuta kipande kinacholingana nacho katika mmea mwingine. Kwa mara ya kwanza, ramani za spishi mbili zingeweza kuchorwa kwa alama zilezile.

Jaribio lililofungua njia halikuhusu nafaka. Mwaka 1988, Bonierbale, Plaisted na Tanksley wa Chuo Kikuu cha Cornell walitumia alama za nyanya kuchora ramani ya viazi mviringo. Mimea yote miwili ina jozi 12 za kromosomu. Mfuatano wa alama ulifanana karibu kote, isipokuwa katika mikono michache ya kromosomu ambako kipande kilikuwa kimegeuzwa juu chini. Ramani ya kina zaidi ya mwaka 1992 ilionesha mageuzo matano ya namna hiyo. Pilipili, iliyolinganishwa na nyanya mwaka 1988, ilikuwa na jeni zilezile kwa kiasi kikubwa, lakini mpangilio wake ulikuwa umevurugika zaidi. Kwa hiyo tangu mwanzo ilijulikana kwamba ndugu wote hawahifadhi urithi kwa kiwango kimoja.

Katika nafaka, Hulbert na wenzake (1990) walilinganisha mahindi na mtama, na Ahn na Tanksley (1993) wakalinganisha mpunga na mahindi. Huko Norwich nchini Uingereza, katika Kituo cha John Innes, Graham Moore, Katrien Devos, Zengmin Wang na Mike Gale waliyakusanya matokeo ya ramani mbalimbali na mwaka 1995 wakatoa pendekezo lililoiteka taaluma nzima. Walionesha kwamba jenomu za mpunga, ngano, mahindi, mtama, muwa na mwanachama mmoja wa jamii ya ulezi wa Asia zinaweza kugawanywa katika vipande vichache vikubwa, na kwamba vipande hivyo vikipangwa upya huleta mfuatano mmoja. Waliuchora mfuatano huo kama miduara yenye kitovu kimoja, kila zao na duara lake, mpunga wenye jenomu ndogo ukiwa ndani na ngano yenye jenomu kubwa ukingoni. Mtafiti aliweza kuchora mstari kutoka katikati kwenda nje na kusoma jeni zinazolingana katika kila zao. Miaka mitatu baadaye, Gale na Devos walikadiria kwamba vipande vya mpunga visivyozidi thelathini vilitosha kuzieleza jenomu za nafaka zilizokwisha kulinganishwa.

Mchoro huo ulikuwa na athari za kifedha pia. Mpunga una jenomu ndogo, hivyo gharama ya kuisoma ilikuwa nafuu kuliko ya ngano kwa zaidi ya mara arobaini. Hoja ikawa kwamba anayeusoma mpunga anazisoma nafaka zote. Rasimu mbili za jenomu ya mpunga zilitolewa mwaka 2002, na mradi wa kimataifa ulioongozwa na Japani ukatoa jenomu iliyokamilika mwaka 2005. Mtama na mahindi vilifuata mwaka 2009. Jenomu ya ngano ya mkate ilisubiri hadi mwaka 2018.

4.0 Tumaini lilipotimia: jeni za kimo kifupi

Mfano unaoitetea vizuri zaidi hoja ya duara ni ule wa ngano fupi. Aina ya Kijapani iitwayo Norin 10 ilikuwa na jeni mbili zilizofupisha shina, na kupitia mikono ya wazalishaji wa Marekani jeni hizo zilimfikia Norman Borlaug nchini Mexico. Ngano fupi haikuanguka ilipowekewa mbolea nyingi, na ikawa nguzo ya Mapinduzi ya Kijani nchini India na Pakistan katika miaka ya 1960. Jeni zilijulikana kwa mahali pake, kwenye kromosomu 4B na 4D, lakini hakuna aliyejua zilikuwa ni jeni gani hasa.

Jibu halikupatikana kwa kuipekua ngano. Lilianzia katika Arabidopsis, gugu dogo la familia ya haradali linalotumiwa sana maabara, ambako jeni iitwayo GAI ilikuwa imegunduliwa kuwa inadhibiti mwitikio wa mmea kwa homoni ya kurefuka. Jeni iliyofanana nayo ilitafutwa katika mpunga, kisha ikafuatiliwa hadi katika ngano na mahindi. Peng na wenzake, miongoni mwao Gale, walitangaza mwaka 1999 kwamba jeni mbili za Norin 10 na jeni ya mahindi mafupi iitwayo d8 ni jeni moja ya asili katika mimea tofauti. Ziko katika sehemu zinazolingana za jenomu na zimeharibika kwa namna zinazofanana.

Hata hivyo, ndani ya ushindi huo kulikuwa na onyo. Mpunga mfupi wa IR8, uliotolewa na taasisi ya kimataifa ya mpunga huko Ufilipino mwaka 1966, nao ulikuwa sehemu ya mapinduzi yaleyale. Mwaka 2002 ilibainika kwamba ufupi wake unatokana na jeni nyingine kabisa, inayohusika na utengenezaji wa homoni na siyo mwitikio wa mmea kwa homoni hiyo. Mimea miwili ndugu ilikuwa imepata umbo lilelile kwa njia mbili. Utabiri wa Vavilov ulikuwa sahihi kuhusu umbo, lakini kufanana kwa umbo hakukuwa uthibitisho wa kufanana kwa jeni.

5.0 Tumaini liliposhindwa: yaliyomo kati ya alama

Ramani za miaka ya 1990 zilikuwa na alama chache zilizopishana kwa umbali mkubwa. Zilimwonesha mtafiti miji mikuu ya njia, siyo vijiji vilivyo kati yake. Watafiti walipoanza kusoma DNA iliyo kati ya alama, picha ilibadilika.

Mabadiliko ya kwanza yalihusu ukubwa. SanMiguel na wenzake (1996) walichunguza eneo la jeni adh1 la mahindi na kukuta kwamba nafasi kati ya jeni imejaa vipande vya DNA vinavyojinakili na kujipachika, kimoja ndani ya kingine, kwa tabaka. Eneo linalolingana nalo katika mtama lilikuwa fupi zaidi, likiwa halina tabaka hizo. Jenomu kamili ya mahindi ilipotoka mwaka 2009, ilionekana kwamba takriban asilimia 85 yake ni vipande vya aina hiyo. Tofauti ya ukubwa kati ya jenomu za nafaka, ambayo ilikuwa imeshangaza kwa miongo mingi, ilitokana kwa sehemu kubwa na nyongeza hizi. Idadi ya jeni zenyewe haikuwa chanzo kikuu.

Mabadiliko ya pili yalihusu jeni, na yalikuwa na uzito zaidi kwa mkulima. Shayiri ya Marekani ya Kaskazini ilikuwa imelindwa dhidi ya kutu ya shina kwa zaidi ya nusu karne na jeni moja, Rpg1. Historia ya jeni hiyo inaanzia shambani: mwaka 1935, kutu ilipoangamiza mashamba, mkulima mmoja wa North Dakota aliona mmea mmoja uliobaki mzima, akahifadhi mbegu zake, na kutokana nazo ikapatikana aina iitwayo Kindred. Katika miaka ya 1990 watafiti waliamua kuitafuta Rpg1 kwa kutumia mpunga kama ramani. Alama zilizoizunguka jeni hiyo katika shayiri zilipatikana katika kromosomu ya 6 ya mpunga, tena kwa mfuatano uleule. Eneo hilo la mpunga lilisomwa lote. Rpg1 haikuwamo. Majirani wa pande zote mbili walikuwapo, lakini nyumba yenyewe haikuwapo. Jeni ilipatikana hatimaye mwaka 2002, baada ya watafiti kurudi kuichimba DNA ya shayiri yenyewe.

Tukio hilo halikuwa la pekee. Leister na wenzake (1998) walikuwa wamelinganisha jeni zinazofanana na jeni za kinga katika mpunga, shayiri na jamii ya ulezi wa Asia, wakakuta kwamba jeni hizo hubadilisha mahali na idadi kwa kasi kuliko jeni za kawaida. Sababu yake inaeleweka. Jeni inayosimamia urefu wa shina inafanya kazi ileile kizazi hadi kizazi, na mabadiliko mengi huiharibu. Jeni ya kinga hukabiliana na adui anayebadilika kila msimu. Ukoo unaobaki na kinga ileile hushindwa. Hivyo sehemu za jenomu zinazobadilika haraka ndizo zilezile ambazo mkulima anazihitaji zaidi wakati wa ugonjwa.

6.0 Ulezi katika duara

Ulezi, unaojulikana pia kama wimbi, ulifugwa katika nyanda za juu za mashariki mwa Afrika kutokana na ndugu yake wa porini ambaye bado anaota katika eneo hilo, na kutoka huko ulivuka bahari hadi India, ambako leo ni zao kubwa. Una seti mbili za kromosomu, A na B, kila moja ikiwa na jozi tisa. Mhenga wa seti A ana uhusiano wa karibu na gugu la kawaida Eleusine indica. Mhenga wa seti B hajatambuliwa hadi sasa.

Ramani ya kwanza ya kina ya ulezi ilichapishwa mwaka 2007 na Mathews Dida wa Kenya akishirikiana na Devos, Gale na wengine, kwa kutumia kizazi kilichotokana na kuzalisha ulezi wa shambani na ulezi wa porini. Mwaka huohuo, Srinivasachary, Dida, Gale na Devos waliilinganisha ramani hiyo na jenomu ya mpunga. Matokeo yao yanastahili kuelezwa kwa kirefu, kwa kuwa yanaonesha uwezo na mipaka ya mbinu nzima katika zao moja.

Kati ya makundi tisa ya kromosomu za ulezi, sita yalilingana na kromosomu moja moja za mpunga. Matatu yaliyobaki yalilingana na kromosomu mbili mbili, na katika kila moja kromosomu nzima ya mpunga ilikuwa imechomekwa katikati ya nyingine, mahali pa sentromea. Hesabu inakamilika: kromosomu 12 zikichomekwa mara tatu hubaki tisa. Utaratibu huohuo wa uchomekaji unaeleza jinsi mtama ulivyofikia kromosomu 10, ingawa jozi zilizochomekwa siyo zilezile za ulezi. Kwa hiyo mabadiliko makubwa ya idadi ya kromosomu, ambayo kwa juu yanaonekana kama mvurugiko, yalikuwa ni hatua chache zinazohesabika.

Ndani ya kromosomu hizo mfuatano ulihifadhiwa kwa kiwango cha juu. Ni takriban asilimia 10 tu ya alama zilizoonekana mahali pasipolingana na mpunga. Lakini alama hizo hazikutawanyika ovyo. Nyingi zilikuwa katika asilimia 14 ya mwisho ya mikono ya kromosomu, yaani karibu na ncha, ambako ubadilishanaji wa vipande vya DNA wakati wa uzazi hutokea zaidi. Hali kama hiyo ilikuwa imeonekana katika ngano. Sehemu ya kati ya kromosomu inatunza urithi wa zamani. Sehemu za ncha ni uwanja wa mabadiliko.

Rasimu mbili za kwanza za jenomu ya ulezi zilitolewa mwaka 2017 na 2018, zote zikitokana na aina za India. Jenomu iliyopangwa katika kiwango cha kromosomu, pamoja na uchambuzi wa makundi ya ulezi wa shambani na wa porini, ilichapishwa mwaka 2023 na kundi la kimataifa lililoongozwa na Devos. Kati ya jenomu kamili ya mpunga na hiyo ya ulezi zilipita takriban miaka 18. Katika kipindi hicho chote, mpunga ndio uliokuwa dirisha kuu la kuutazama ulezi.

7.0 Funzo kwa sera za mbegu

Kama historia hii ingeishia kwenye duara la mwaka 1995, ushauri kwa serikali ungekuwa rahisi: subirini nchi tajiri zisome mazao yao, kisha azimeni. Rpg1 na ncha za kromosomu za ulezi zinakataza ushauri huo. Eneo la Afrika Mashariki lina mfano wake unaothibitisha jambo hili.

Mwaka 1998 kutu ya shina ilionekana katika ngano nchini Uganda, na aina yake mpya ikapewa jina la Ug99. Kilichoshtua ni kwamba iliishinda jeni Sr31, ambayo ilikuwa ikilinda ngano katika sehemu kubwa ya dunia. Sr31 yenyewe haikuwa ya ngano. Ilikuja na mkono wa kromosomu ya 1 ya shayiri nyeusi, ndugu wa ngano ajulikanaye Ulaya kwa jina la rye, na mkono huo uliweza kuchukua nafasi ya mkono wa ngano kwa sababu unalingana nao. Ulinganifu wa mpangilio ndio uliowezesha kinga kuhamishwa, ila kinga yenyewe ilitoka katika mmea halisi uliokuwa nayo. Baada ya Uganda, ugonjwa ulienea Kenya, Ethiopia na kuvuka hadi Yemen na Iran. Kituo cha Njoro nchini Kenya kikawa uwanja wa kupima ngano za mataifa mengi dhidi ya Ug99. Mwaka 2013 zilitambuliwa jeni mbili zinazoikinga, Sr35 na Sr33, ya kwanza kutoka ngano ya kale yenye seti moja ya kromosomu na ya pili kutoka nyasi-mwitu aliye mhenga wa seti D. Zote mbili zilikuwa zimehifadhiwa katika makusanyo ya mbegu kabla ya mtu yeyote kujua zingehitajika.

Kiduha nacho kinafundisha jambo la karibu na hilo. Aina za mtama zinazostahimili gugu hilo, zilizoendelezwa kwa mchango mkubwa wa Gebisa Ejeta, mzaliwa wa Ethiopia, huzuia mbegu za kiduha zisiote karibu na mizizi yake. Mwaka 2017 ilibainika kwamba baadhi ya ustahimilivu huo unatokana na kupotea kwa utendaji wa jeni moja, LGS1, na katika aina kadhaa jeni hiyo imefutika kabisa. Jenomu moja ya rejea haiwezi kumwonesha mtafiti kwamba kuna mtama usio na jeni hiyo. Ili kulijua pengo hilo, lazima aina nyingi za mtama zilinganishwe zenyewe kwa zenyewe.

Mambo matatu yanafuata. Kwanza, uhifadhi wa mbegu za asili na ndugu zake wa porini usihesabiwe kuwa kazi ya makumbusho. Ulezi-mwitu unaoota kandokando ya mashamba ya Uganda, Kenya magharibi na Tanzania ni sehemu ya jenomu ya ulezi ambayo mpunga hauwezi kuiwakilisha, na hupotea kimyakimya malisho na mashamba yanapobadilishwa matumizi. Bajeti za benki za taifa za mbegu zinapokatwa, kinachokatwa ni uwezo wa kuukabili ugonjwa ambao bado haujaonekana.

Pili, wataalamu wa kusoma jenomu wafunzwe wakiwa karibu na wazalishaji wa mbegu na mashamba. Muungano wa Mazao Yatima ya Afrika, ulioanzishwa mwaka 2011 kwa lengo la kusoma jenomu za mazao 101, ulifungua chuo cha wazalishaji wa mimea jijini Nairobi mwaka 2013. Mwelekeo huo ni sahihi kihistoria: Rpg1 ilianza kwa jicho la mkulima na ikaishia maabara, na mtaalamu asiyeujua mwanzo huo hana cha kutafuta katika mwisho wake.

Tatu, mikataba ya kimataifa isomwe kwa kuzingatia tofauti kati ya ramani na mbegu. Itifaki ya Nagoya ya mwaka 2010 iliandikwa hasa kwa kuzingatia mbegu na sampuli zinazovuka mipaka. Leo mfuatano wa DNA husafiri bila mbegu. Mkutano wa nchi wanachama wa Mkataba wa Bioanuwai uliamua mwaka 2022 kuunda utaratibu wa kugawana manufaa ya taarifa hizo, na mwaka 2024 ukaanzisha Mfuko wa Cali. Washauri wa serikali za eneo hili wana sababu ya kutetea mambo mawili kwa pamoja: taarifa za jenomu zibaki wazi, kwa kuwa ulezi umefaidika na uwazi wa mpunga, na jamii zilizotunza aina zenye kinga zitambuliwe, kwa kuwa taarifa za zao jingine haziwezi kuziba nafasi yao.

8.0 Hitimisho

Ulinganishaji wa jenomu za nafaka ulianza na utabiri wa Vavilov kwamba mimea ndugu hubadilika kwa namna sambamba. Ramani za miaka ya 1990 zilithibitisha sehemu ya utabiri huo kwa kiwango ambacho yeye mwenyewe asingeweza kukitazamia, na bila ramani hizo ulezi ungebaki gizani kwa muda mrefu zaidi. Usomaji wa karibu ulionesha sehemu nyingine: katika ncha za kromosomu na katika jeni za kinga, kila ukoo una historia yake. Vavilov aliyafuata mambo yote mawili. Alitafuta kanuni na alikusanya mbegu. Sera zilizofuata mara nyingi zilichukua la kwanza na kuliacha la pili, kwa kuwa kanuni ni nafuu kuhifadhi kuliko mbegu. Kwa nchi ambazo ulezi, mtama na teff zilianzia, mambo hayo mawili hayatenganishiki, na gharama ya kuyatenganisha hulipwa na mkulima katika mwaka wa ugonjwa.